Nguvu za Kiume: Kauli Moja, Maradhi Mengi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii hutajwa mara nyingi darasani kama kielelezo cha ufupi wa lugha wenye hekima pana, lakini ni nadra kuihusisha na wanaume wa makamo, kundi ambalo pengine linaihitaji kuliko makundi mengine. Mwanamume aliyetimu miaka 45 au 50, akihisi kwamba mwili haumtii kama zamani, huficha. Akishindwa kuficha huenda kutafuta tiba, na aendapo hubeba kauli moja tu: kwamba amepungukiwa na nguvu za kiume. Kauli iyo hiyo ndiyo anayoikuta imebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya magari katika miji ya Kenya, ikiwa imepangwa sambamba na kesi za mahakamani, wapenzi waliotoroka na mali iliyoibwa. Muuza mizizi huitumia, mganga huitumia, muuza vidonge huitumia, na hata mwuguzi anayetaka kumsitiri mgonjwa wake huitumia.

Makala haya yanashikilia kwamba kirai "nguvu za kiume", jinsi kinavyotumika leo, kimegeuka kuwa hatari kwa afya ya wanaume wa makamo. Kimekusanya chini ya paa moja mambo ambayo hayana chanzo kimoja wala tiba moja. Mgonjwa akishalitaja tatizo lake kwa jina lisilo lake, hupewa dawa isiyo yake. Na maadamu kosa hili limekita katika lugha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawawezi kulitazama kwa mbali wakisema kwamba hayo ni ya madaktari.

Mambo matano ndani ya kirai kimoja

Uchunguzi mdogo wa kisemantiki unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mtu anaposema kwamba fulani hana nguvu za kiume, huenda akawa na maana ya kwanza kwamba fulani hana hamu ya tendo la ndoa. Huenda akawa na maana ya pili kwamba hamu anayo tele, ila uume hausimami. Huenda akawa na maana ya tatu kwamba yote hayo yako sawa, ila hajajaliwa mtoto. Maana ya nne ni uchovu wa mwili, misuli iliyolegea na uchangamfu uliofifia. Maana ya tano haihusu mwili hata kidogo: ni heshima, yaani hofu ya mtu kwamba si mwanamume tena machoni pa mkewe na rika lake.

Mambo haya matano yanaweza kuambatana, lakini si ndugu wa baba mmoja. Hamu hutegemea kwa kiasi kikubwa homoni ya testosteroni, ingawa sonona, ugomvi wa nyumbani na baadhi ya dawa za hospitali pia huizima. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu na ya fahamu kabla ya kuwa kazi ya homoni. Uzazi hutegemea mbegu, na mwanamume anaweza kuwa na testosteroni ya kutosha, hamu ya kutosha na uwezo wote wa tendo, lakini asiwe na mbegu hata moja. Uchovu una sababu chungu nzima, kuanzia upungufu wa damu hadi usingizi mbovu. Ama kuhusu heshima, hakuna kipimo cha maabara kinachoipima.

Athari ya mchanganyiko huu huonekana waziwazi katika suala la uzazi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwanamume ambaye uume wake unasimama huhesabiwa kuwa ametoka katika orodha ya washukiwa. Ana nguvu za kiume. Basi kasoro iko kwa mke. Neno "tasa" humwangukia mwanamke kabla ya yeyote kupimwa, na ndoa huvunjika, au mke wa pili huolewa, kwa sababu lugha haikuwapa watu njia nyepesi ya kutenganisha uwezo wa tendo na uwezo wa kuzalisha.

Lipo jambo la kusikitisha zaidi. Mwanamume anayetafuta mtoto akidungwa testosteroni kwa kuamini kwamba anaongezewa nguvu za kiume, korodani zake huacha kutengeneza mbegu. Ubongo, ukiona kwamba homoni imejaa damuni, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Jambo hili linajulikana vizuri kiasi kwamba katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya majaribio ya kutumia sindano za testosteroni kama njia ya wanaume ya kupanga uzazi. Kwa hiyo dawa inayozuia mimba inaweza kuuzwa kwa anayeitamani mimba, na jina la biashara hiyo likabaki lile lile.

Kutoka kwa jogoo hadi maabara

Jogoo ni sitiari kongwe ya uume katika Kiswahili. Mtu aliyeshindwa na tendo husemwa kwamba jogoo wake hawiki, na wengine husema kwamba hapandi mtungi. Ni sadfa ya kuvutia kwamba elimu ya homoni nayo ilianza na jogoo. Mnamo mwaka 1849, Arnold Berthold wa chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga. Wale waliokosa korodani hawakuota upanga mkubwa wa kichwani, hawakuwika kama majogoo wala kupigana. Wale ambao alizipandikiza korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili, walikua majogoo kamili. Berthold akatambua kwamba korodani hutoa kitu kinachosafiri kwa njia ya damu na kuugeuza mwili mzima.

Miaka 40 baadaye likatokea tukio linalofaa kukumbukwa na kila mnunuzi wa vidonge vya leo. Charles-Édouard Brown-Séquard, tabibu mashuhuri aliyezaliwa kisiwani Morisi mwaka 1817, aliwatangazia wanachuoni wenzake mjini Paris mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na wanyama wengine wadogo, na kwamba nguvu zake za ujana zimerejea. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyika. Waungwana wa Ulaya na Marekani wakakimbilia maji hayo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliyatengeneza upya kwa kufuata maelezo yake, wakakuta kwamba testosteroni iliyomo ilikuwa chache mno kuweza kufanya chochote mwilini. Kilichomfufua mzee yule ni imani. Serge Voronoff naye alianza mwaka 1920, mjini Paris, kupandikiza vipande vya korodani za nyani katika miili ya matajiri waliotaka ujana. Alitajirika kabla ya kudharauliwa.

Homoni yenyewe ilitengwa na kupewa jina mwaka 1935, na mwaka huo huo wanakemia Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka wakafaulu kuitengeneza katika maabara. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939. Kuanzia hapo uwongo wa maji ya mbwa ulikwisha, kwa kuwa dawa ya kweli ilikuwa imepatikana. Hata hivyo, mazoea ya kuuza ujana hayakukwisha. Yalihamia tu katika chupa mpya.

Umri unapunguza nini hasa?

Ni kweli kwamba testosteroni hupungua kadiri mwanamume anavyozeeka. Kupungua huko huanza baina ya miaka 30 na 40, kwa kiasi cha takribani asilimia 1 kila mwaka. Lakini kupungua si kupungukiwa. Mtu mwenye mbuzi 100 akipoteza mmoja kila mwaka, hawi maskini baada ya miaka 15.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 uliwachunguza wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79 katika miji minane ya Ulaya. Watafiti walitaka kujua ni wangapi walio na testosteroni ya chini pamoja na dalili zinazoendana nayo, yaani kufifia kwa hamu, uume kutosimama barabara na kukosa msimamo wa alfajiri. Walipatikana asilimia 2.1 tu. Miongoni mwa waliokuwa na miaka 40 hadi 49, idadi ilikuwa asilimia 0.1, yaani mtu mmoja katika kila 1,000. Katika miaka ya 50 ilikuwa asilimia 0.6, na hata katika miaka ya 70 haikuzidi asilimia 5.1. Kwa ufupi, wanaume wa makamo wanaolalamika ni wengi, lakini wenye upungufu halisi wa homoni ni wachache sana.

Takwimu hizo ni za Ulaya, na msomaji ana haki ya kuuliza kuhusu watu wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha mate ya wanaume wa Marekani, Nepal, Paragwai na Walese wa Ituri nchini Kongo. Tofauti kubwa za testosteroni zilipatikana miongoni mwa vijana, ambapo Wamarekani waliongoza. Walipofikia umri wa miaka 45 hadi 60, wanaume wa pande zote walikuwa wamekaribiana. Mteremko mkali ulikuwa wa Wamarekani, kwa kuwa wao ndio waliopanda juu zaidi ujanani. Hii ina maana kwamba kushuka kwa homoni hakufuati kalenda peke yake. Hufuata pia chakula, kazi na hali ya maisha.

Hata Waswahili wenyewe wamewahi kuchunguzwa. Mwanaanthropolojia Peter Gray alipima mate ya wanaume wa Lamu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Alitarajia kwamba walio na mke mmoja wangekuwa na testosteroni chini ya makapera. Hakuona tofauti. Walioonekana kuwa juu ni wenye wake zaidi ya mmoja. Hata hivyo, miongoni mwa Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 haukuona kwamba wenye wake wengi wako juu. Nchini Tanzania, utafiti wa mwaka 2009 uliwalinganisha Wahadzabe, ambao akina baba hushiriki sana katika kulea watoto wachanga, na majirani zao Wadatoga, ambao malezi ya aina hiyo huwaachia wanawake. Akina baba wa Kihadzabe walikuwa na testosteroni chini ya wanaume wasio na watoto; kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuwapo.

Mazingatio yanayotokana na hayo ni mazito. Homoni ambayo matangazo huiuza kama kipimo cha uanaume hushuka kwa baba anayembeba mwanawe kifuani. Yupo atakayethubutu kusema kwamba baba huyo amepungukiwa na uanaume? Kama jibu ni la, basi kipimo cha homoni na kipimo cha uanaume ni vitu viwili, na lugha inayovifunga pamoja inapotosha.

Kitambi, usingizi na mishipa

Ikiwa si umri peke yake, ni nini kinachomwangusha mwanamume wa makamo? Jibu linalotolewa na tafiti nyingi halina fahari. La kwanza ni kitambi. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, na unene huvuruga pia amri zinazotoka ubongoni kwenda korodani. Mwanamume akinenepa homoni hushuka. Akipungua uzani hupanda tena. Hapa utamaduni nao umechangia, kwa kuwa kwa muda mrefu kitambi kimesifiwa kama dalili ya shibe, cheo na mke anayejua kupika. Kinachosifiwa mchana ndicho kinacholalamikiwa usiku.

La pili ni usingizi. Testosteroni hutengenezwa kwa wingi wakati mtu amelala, ndiyo sababu huwa juu zaidi asubuhi. Mjini Chicago, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vijana 10 wenye afya walilala saa tano tu kila usiku kwa muda wa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Mlinzi wa usiku, dereva wa matatu anayeamka saa tisa usiku na mwalimu anayesahihisha mitihani hadi usiku wa manane wana sababu ya kuchoka ambayo hakuna mzizi utakaoitibu. La tatu ni pombe nyingi, ambayo huziumiza korodani na ini kwa pamoja.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni kisukari na shinikizo la damu. Maradhi haya mawili huharibu mishipa ya damu polepole, bila maumivu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo huathirika na kudhihirisha madhara mapema. Mwanamume ambaye uume wake umeanza kulegea akiwa na miaka 50 huenda anapewa onyo la maradhi ya moyo miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Akienda hospitalini, mkono ukafungwa kipimo cha shinikizo na damu ikapimwa sukari, anaweza kuokoka. Akienda kwa muuza unga wa nguvu za kiume, ataambiwa kwamba ameishiwa na nguvu na kwamba kopo moja litazirejesha. Huenda hata likazirejesha kwa siku chache, kwa sababu bidhaa nyingi za aina hiyo zimewahi kukamatwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimetiwa kwa siri dawa ya hospitali iitwayo sildenafili. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998, ni salama kwa wengi ikitolewa na daktari, lakini ikikutana na dawa za moyo zenye naitreti inaweza kuteremsha shinikizo la damu hadi mtu akafa. Mnunuzi hajui kwamba ameimeza, na daktari atakayempokea hajui la kumuuliza.

Haifai kwa sababu hiyo kukejeli kila kitu cha jadi. Mukombero unaotafunwa magharibi mwa Kenya na supu ya pweza inayonywewa Pwani ni sehemu ya maisha ya watu, na supu ni chakula kizuri. Lakini majaribio yanayojulikana zaidi kuhusu mukombero yamefanywa kwa panya, na panya hana rehani ya nyumba wala kisukari. Mzizi ukitafunwa kwa starehe hauna ubaya. Ukitafunwa badala ya kupimwa, unakuwa pazia.

Dawa ya kweli na mipaka yake

Watakuwapo watakaopinga kwamba makala haya yanadharau tatizo la kweli. Wana hoja. Wapo wanaume waliozaliwa na kasoro ya korodani, walioumia, waliotibiwa saratani, au wenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Hao wanahitaji testosteroni kama mwenye kisukari anavyohitaji insulini, na kuwanyima ni dhuluma. Kanuni ya kitaalamu ni kwamba mtu awe na dalili, kisha apimwe asubuhi, tena zaidi ya mara moja, kabla ya kutibiwa.

Swali ni kuhusu wale ambao hawana ila umri. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwahusisha wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi ambao testosteroni yao ilikuwa chini. Baada ya mwaka mmoja wa kutumia jeli ya testosteroni, hamu na tendo viliimarika kwa kiasi. Uchovu, ambao ndio unaowapeleka wengi kwa wauzaji, haukuondoka kwa namna ya kuridhisha. Matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kwamba kumbukumbu nayo haikuimarika, ingawa mifupa iliongezeka uzito na upungufu wa damu ukapungua.

Jaribio kubwa zaidi, lililowahusisha wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye maradhi ya moyo au walio katika hatari ya kuyapata, lilichapishwa mwaka 2023. Lilipunguza hofu ya muda mrefu, kwa kuwa waliotumia testosteroni hawakupata shtuko la moyo na kiharusi kuliko wasioitumia. Hata hivyo mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madhara ya figo na damu kuganda mapafuni vilijitokeza zaidi kwa walioitumia. Mwaka 2024 ikaongezeka habari ambayo wengi hawakuitarajia: walivunjika mifupa zaidi. Kwa upande mwingine, jaribio la Australia la mwaka 2021 lilionyesha kwamba wanaume wanene walioanza kuelekea kisukari, wakipewa testosteroni pamoja na mpango wa kupunguza uzani, asilimia 12 walikuwa na kisukari baada ya miaka miwili, ikilinganishwa na asilimia 21 ya waliofuata mpango peke yake. Lakini damu ya baadhi yao ilikuwa nzito kupita kiasi.

Picha inayojitokeza ni ya dawa halisi, yenye faida halisi kwa wachache, na madhara halisi. Haifanani na chochote kilichobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Kazi ya wenye lugha

Kiswahili si mgeni katika kazi ya kuyapa maradhi majina yanayofundisha. Mfano bora ni UKIMWI, neno lililofinyangwa kutokana na maneno yanayotaja kinga ya mwili na upungufu wake. Mtu asiyejua kusoma, akilifafanuliwa neno hilo, alikwisha kupata somo la kwanza la tiba: kwamba mwili umenyang'anywa ngao. Ndivyo istilahi njema ilivyo. Hutaja, kisha huelekeza.

Kwa mizani hiyo, "nguvu za kiume" haifaulu. Vivyo hivyo istilahi zinazoanza kusikika zikifananisha hali ya wanaume na kukoma hedhi kwa wanawake. Kwa mwanamke hedhi hukoma kweli, na kitenzi "kukoma" kinasema ukweli. Kwa mwanamume hakuna kinachokoma; wapo wanaozaa wakiwa na miaka 70. Kuunda istilahi ya "ukomo" wa wanaume ni kubuni ugonjwa kwa kutafsiri jina. Nalo neno "hanithi", ambalo lingeweza kutaja kushindwa kwa uume, limezama katika matusi kiasi kwamba hakuna mgonjwa atakayelitamka.

Mtu anaweza kutetea kirai hiki kwa hoja ya tafsida. Atasema kwamba Mswahili ana staha, na kwamba staha ni pambo la lugha. Hoja hii ina uzito, lakini tafsida njema husitiri aibu bila kuficha maana. Anayesema kwamba mama amejifungua amezungumza kwa adabu, na hakuna asiyeelewa kilichotokea. Anayesema kwamba hana nguvu za kiume amezungumza kwa adabu, na hakuna anayejua anaumwa nini. Tafsida iliyopoteza maana moja na kubeba tano imeacha kuwa tafsida, imekuwa fumbo.

Maneno ya kulitegua fumbo hilo yapo tayari, wala hayahitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Kupungua kwa hamu ni kupungua kwa hamu. Udhaifu wa kusimama kwa uume una staha ya kutosha mbele ya daktari. Ugumba wa mwanamume unapaswa kutajwa kwa uwazi ule ule unaotumika kumtaja mwanamke tasa. Upungufu wa testosteroni uachiwe hali iliyothibitishwa na kipimo. Uchovu ubaki kuwa uchovu mpaka sababu yake ijulikane. Istilahi hizi si za kupamba kamusi. Ni za kuandikwa kwenye vijikaratasi vya zahanati, kusomwa redioni, na kufundishwa katika kozi za tafsiri na ukalimani, ambako mwanafunzi aghalabu hutafsiri hotuba za wanasiasa kuliko maelezo ya dawa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa ya taifa, na katika Katiba iyo hiyo afya ni haki ya kila mtu. Haki hizi mbili hukutana kwenye chumba cha daktari. Daktari amesomeshwa kwa Kiingereza, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mamaye, na kati yao kuna kirai kimoja kilichochoka. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kushirikiana na wanafunzi wa udaktari katika vyuo vyao kuandaa orodha fupi ya istilahi za afya ya wanaume, kuijaribu kwa wasemaji wa kawaida, na kuisahihisha pale inapowakwaza. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ujasiri wa kutamka mambo ambayo darasa huyacheka.

Jamii za Waswahili hazikuuona uzee kuwa hasara tupu. Utu uzima dawa, walisema, na penye wazee haliharibiki neno. Mtu wa makamo alikuwa akipanda ngazi kuelekea mahali pa kusikilizwa. Matangazo ya leo yamemshusha ngazi hiyo, yakamwambia kwamba kila asichoweza kufanya kama kijana wa miaka 20 ni ugonjwa wenye bei. Anastahili kurudishiwa mambo mawili: heshima ya umri wake, na jina sahihi la kinachomuuma. La kwanza liko mikononi mwa jamii nzima. La pili liko mikononi mwa wanaojifunza na kufundisha lugha, na hao hawana udhuru wa kulichelewesha. Shime basi, lianze kutekelezwa, kwa kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua.